Chagua Mwenyewe

Kama una mtoto ndani, mwite kwanza. Aje umwone kwa macho, akae hapo karibu yako, ndipo nikuhadithie. Umemwona? Haya.

Alasiri moja Rukaiya alikuwa jikoni kwao Kiponda, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Bintiye Khamisa, wa miaka sita, kachuchumaa ubavuni mwake, anachota nazi bakulini kwa mkono wa kushoto na kujitia mdomoni.

"Mkono wa kulia, we mtoto! Wa kushoto anakulia shetani. Nshakwambia mara ngapi?"

"Nimesahau, mama."

"Utasahau mpaka lini? Wallahi sijui nifanye nini mimi nipate mtoto anayesikia!"

Hapo ikaja sauti kutoka chumba cha mbele cha ghorofani: "Mama!"

Ilikuwa sauti ya Khamisa. Si ya kufanana naye, ni yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mafua yasiyokwisha. Rukaiya alikuwa keshafungua kinywa aitike, mazoea ya kila mzazi, ndipo alipokumbuka kuwa mwenye sauti yuko hapa chini na mashavu yamejaa nazi. Akatazama ubavuni. Khamisa naye kainua kichwa anatazama dari.

"Mama," mtoto akanong'ona, "nani yule ananiigiza?"

"Nyamaza."

"Mama!" ikaita tena, mara hii kwenye ngazi, na nyuma yake ikashuka harufu ya udi, nzito, ya kujaa kooni, na nyumba nzima hamkuwa na kaa hata moja la moto.

Rukaiya hakuitika. Alimnyakua mtoto akatoka naye barazani, mikono imejaa nazi, akakaa huko mpaka mdogo wake Sabri aliporudi. Akamwambia yote. Sabri akacheka.

"Dada, nyumba za mawe hizi. Sauti inagonga ukuta, inarudi."

"Inarudi bila ya kutoka?" Rukaiya akamuuliza. Sabri akajifanya ana simu ya kupiga.

Sasa huyu Sabri ndiye aliyeleta balaa, na sitamfichia. Nyumba ile ya ghorofa waliachiwa na bibi yao. Rukaiya alikaa humo na mwanawe, mumewe Abdulwahid yuko Maskati kikazi. Sabri alikuwa mtu wa filamu, na mwezi ule nyumba yote kaigeuza kiwanja: nyaya kila ngazi, taa kila chumba, watu wanaingia na viatu. Filamu yake aliipa jina Moshi Mmoja. Ilihusu watu wanne, maisha yao yameunganishwa na chetezo kimoja cha shaba, cha kufukizia udi. Kheir, muuza vitu vya kale, anamuuzia chetezo Muhiddin, mtembeza wageni. Muhiddin anampa mchumba wake Wanu. Wanu anapandwa na jini siku ya harusi yake, chetezo kinatupwa nje, na mtoto asiyemjua yeyote kati yao anakiokota, anakwenda kukiweka kwenye magofu ya kasri kule Mtoni. Hapo ndipo mwisho. Mtoto huyo ni Khamisa, na Rukaiya mwenyewe akapewa kuwa mama wa bi harusi. Wachezaji wote walibaki na majina yao ya kweli.

"Sote tumeunganika bila ya kujua," Sabri alipenda kusema, na akianza hayo hupati pa kutia neno.

Filamu haipigwi kwa mpango wa hadithi. Mwisho wa Mtoni ndio walioanza nao, siku ya kwanza, kwa kuwa jua lilikuwa zuri. Khamisa akakiweka chetezo juu ya jiwe kwa mkono wake wa kushoto, akageuka, akaenda zake. Rukaiya akafoka kwa nini mtoto aonekane na watu wote anatumia kushoto. Sabri akamwambia amwache, ndiyo raha yake. Kwa hilo peke yake nampa haki.

Kabla ya kupiga sehemu ya jini, Sabri alikwenda kutaka ushauri kwa Bi Ummukulthum, fundi wa pepo anayekaa huko huko Mtoni, na chetezo chenyewe alikiazima kwake. Bi Kulthum hakuwa mtu wa kuremba maneno.

"Kucheza chezeni," alisema. "Lakini jini akiulizwa anataka nini, hupangiwa. Utapata halua, utapata shuka nyeupe, basi. Hapana anayemwachia achague. Na chano, hicho chakula chake, mkishakitoa kwa jina lake, msikionje. Kipelekeni pwani mkitupe."

"Naam, Bi. Naam, Bi," akaitikia Sabri, kichwa kinakwenda juu na chini. Maneno yaliingia sikio moja, yakatokea la pili.

Siku ya siku ikafika. Chano kikapangwa sawasawa kwenye sinia: halua, tende, mayai, asali, ndizi mbivu, marashi ya mawaridi. Udi ukafukizwa. Wanu, msichana mpole wa Ng'ambo, kakaa chini kavaa nguo za bi harusi, anatikisika kama alivyofundishwa. Rukaiya akasema maneno yake: "Tutakupa halua na shuka nyeupe, utoke."

"Kata! Maneno gani hayo ya dukani?" Sabri akapiga kelele. "Nataka mama aliyekata tamaa. Sema hivi: chukua utakacho katika nyumba hii, chagua mwenyewe, niachie mwanangu."

"Bi Kulthum kakataza, Sabri."

"Bi Kulthum ndiye anayepiga filamu? Ni maigizo, dada! Hapa nani jini?"

Watu wakacheka. Rukaiya akaona haya kuonekana mshamba mbele ya vijana wa kamera, akayasema. Na aliyasema vizuri, ndio ubaya wenyewe. Machozi yalimtoka ya kweli. "Chukua utakacho katika nyumba hii," akasema, "chagua mwenyewe!" Sabri akasema kata, wakapiga makofi, na kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa bado hakijaja na watu wana njaa, wakalivamia lile sinia. Mayai yakaenda, halua ikaenda. Rukaiya naye alichovya kidole kwenye asali.

Khamisa peke yake alisimama pembeni, hali kitu.

"Na mwenyewe atakula nini?" akauliza.

Wakacheka tena.

Basi ile sauti ya ghorofani ilikuja siku tatu baada ya hapo. Wiki haikwisha, Kheir, ambaye kazi yake hasa ni kusomesha chuo kule Tunguu, alisimama mbele ya wanafunzi wake asubuhi, akashikwa na kikohozi. Akakohoa akainamia meza. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa jivu, jivu la chetezoni, la moto moto, na tangu hapo sauti ikamkauka. Hospitali walimpima wakaona mzima.

Akafuata Muhiddin. Huyo alikuwa Forodhani, magharibi imeshaingia, kashika sahani ya mishkaki, anataniana na wenzake. Akasikia mama yake anamwita nyuma yake. Mama yake alikwishafariki mwaka juzi. Wenzake wanasema waliona uso wake unang'aa kwa furaha, akasema, "Naam, mama!" akageuka, akaiendea ile sauti moja kwa moja, akapita ukingo wa pwani, akaporomoka kwenye mawe. Walipomfikia mguu umevunjika, mfupa uko nje, na yeye halii. Anauliza kama mama keshafika nyumbani.

Rukaiya alipoletewa habari hiyo, akakaa chini pale pale alipo.

"Sabri, jini anafuata hadithi," akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Kheir, kisha Muhiddin. Sasa ni Wanu. Na baada ya Wanu ni nani? Sema!"

"Khamisa tulimpiga siku ya kwanza, dada. Kabla ya chano."

"Jini ana habari gani na ratiba yako? Anafuata hadithi, nakwambia! Wa mwisho ni mwanangu!"

Sabri akaenda kuutia komeo mlango wa barabarani.

Kesho yake, jua la utosi, vichochoro vyote kimya kwa joto, Rukaiya alikuwa anamkosha Khamisa uani aliposikia mlango wa barabarani unafunguka na ilhali ameutia komeo kwa mkono wake, kisha nyayo zikapanda ngazi taratibu, kidato kwa kidato, nyayo tupu za mtu aliyerowa, na harufu ya udi ikaanza kushuka tena ile ile nzito ya kujaa kooni, naye akamfunika mtoto kanga, akamfungia stoo, akapanda juu huku anasoma Ayatul Kursiy na ulimi unamteleza kwenye aya anayoijua tangu chuoni, mpaka akafika chumba cha mbele, akamkuta Wanu kakaa juu ya mkeka katika nguo za bi harusi za filamu, nguo ambazo zilikuwa zimefungiwa kabatini na ufunguo anao yeye Rukaiya kiunoni.

"Wanu?"

Wanu akainua uso. Macho yalikuwa yake. Sauti haikuwa yake. Ilitoka kifuani, nzito, ya mtu mzima asiye na haraka.

"Nlikaribishwa," ikasema. "Chano changu mmekila. Nimesubiri chengine, hamkuleta. Nliambiwa nchague mwenyewe. Nimekuja kuchagua."

Rukaiya alishuka ngazi bila ya kujua kashukaje.

Sabri ndiye aliyekwenda mbio Mtoni. Bi Kulthum alifika na kikapu chake kabla ya alasiri. Rukaiya akamwamkia, "Shikamoo, Bi," naye akaitika marahaba kwa jicho kali.

"Mmekula chakula chake, kisha mkamwachia mlango wazi," akasema. "Mnajiona wasomi. Punguani nyinyi! Leteni sinia."

Wakapanga chano upya, safari hii hakuna aliyecheka. Bi Kulthum akafukiza, akakaa uso kwa uso na Wanu, Rukaiya nyuma yake kamkumbatia Khamisa aliyefunikwa kanga mpaka kichwani, kwa kuwa yule mtu wa kifuani alikataa kusema mpaka mtoto aletwe.

"Una nini?" Bi Kulthum akauliza.

"Nna haki."

"Haki yako ni halua, ni asali, ni shuka nyeupe, ni mbuzi asiye na doa. Nakupangia mimi. Walokuachia uchague hawana adabu, wala neno lao si neno."

"Neno limetoka kwa machozi. Nataka mtoto."

"Mtoto hatoki."

"Nataka mtoto."

Wakavutana hivyo mpaka moshi ukajaa chumba kizima, jua likaanza kulegea madirishani, Bi Kulthum anaongeza shuka, anaongeza marashi, anatukana, anabembeleza, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na Wanu hatikisiki wala hapepesi, mpaka mwisho jicho lake likamwacha fundi, likamtazama Rukaiya aliye nyuma.

"Mama mtu anasemaje? Anamtaka huyu? Huyu anayemkaripia kutwa? Mimi nnakaa humu, nnasikia. Wewe unataka mtoto anayesikia."

"Usimjibu," Bi Kulthum akasema bila ya kugeuka.

Lakini Rukaiya alikuwa keshachoka kwa hofu, na mtoto anatetemeka mikononi mwake.

"Nataka mwanangu!" akalia. "Niachie mwanangu, sitaki kitu chengine!"

Wanu akatabasamu.

"Haya. Ntakuachia mtoto unayemtaka."

"Nimekubali!"

"Ebo! Nani kakwambia useme?" Bi Kulthum akageuka kama aliyepigwa kofi. "Mwenye kupatana ni mimi! Kasemaje? Hebu arudie!"

Hakukuwa na wa kurudia. Wanu alianguka kifudifudi, na alipoinuliwa alikuwa Wanu, analia, anauliza yuko wapi na nguo hizi kamvika nani. Taa ya dari iliwaka yenyewe ikazima. Harufu ya udi ikaondoka ghafla, chumba kikanuka jasho la watu tu. Khamisa alikuwa kalala fofofo mikononi mwa mama yake.

Bi Kulthum alikusanya vitu vyake na uso umemkunjamana. Mlangoni akamshika Rukaiya mkono.

"Kaondoka, lakini kaondoka mapema mno, sikupenda. Atajaribu kurudi. Ukisikia unaitwa kwa sauti ya mwanao na mwanao yuko mbele yako, usiitike. Umenifahamu? Ukiitika umemfungulia."

Na kweli, iliita. Asubuhi yake tu, ghorofani: "Mama!" Rukaiya akamvuta Khamisa mapajani, akamziba masikio. Siku ya pili iliita kutwa, inalia, ina mafua: "Mama, kuna kiza huku. Mama, nakwita!" Rukaiya akafungua redio ya Kurani mpaka mwisho wa sauti. Machozi yalimmwagika, moyo wa mama ni moyo wa mama, lakini alimshikilia mtoto wake na hakuitika, na Khamisa alikaa kimya mapajani, anamfuta machozi kwa kiganja. Siku zikaenda, sauti ikazidi kuwa ndogo. Mwisho ikanyamaza, na Rukaiya akasujudu kwa kushukuru.

Basi raha ikaingia nyumbani. Kheir alirudiwa na sauti. Muhiddin akaanza kutembelea magongo. Na Khamisa, jamani! Mtoto katulia. Akiambiwa kaa, anakaa. Viatu anaviweka pamoja mlangoni. Mafua yamekatika. Anakula kwa mkono wa kulia bila ya kuambiwa, wala punje haianguki. Rukaiya akampigia mumewe Maskati kumhadithia: "Mwanao kawa mtu mzima, Abdulwahid. Khofu ile imemtia adabu." Majirani wakamsifu. Mara nyengine akimwangalia alivyokaa, mikono juu ya magoti, humpita kitu moyoni asichokijua jina, akakifukuza. Nani analalamika kwa mtoto mwema?

Filamu ikamalizika. Sabri aliitoa ile sehemu ya jini yote, aliapa mbele ya Bi Kulthum, na jioni moja baada ya sala ya isha ikaonyeshwa Ngome Kongwe, uwanja umejaa, watu wamekaa mpaka kwenye nyasi. Rukaiya kampakata Khamisa mapajani na pakiti ya ubuyu. Mtoto anakula kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia.

Watu walicheka pa kucheka, wakaguna pa kuguna. Ukafika mwisho. Magofu ya Mtoni, jua zuri, na Khamisa anakuja na chetezo. Akakiweka juu ya jiwe kwa mkono wake wa kushoto.

Rukaiya akauona mkono ule. Ule mkono mdogo mtundu, na kidole chake chenye kovu. Lini aliuona mara ya mwisho ukishika kitu? Akaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa mchana ule uani, kabla ya nyayo kupanda ngazi, mtoto kashika kata anajimwagia maji.

Katika filamu, hapo ilikuwa mtoto ageuke aende zake. Hakwenda. Alisimama, akainua uso, akaanza kuwatazama watu waliokaa uwanjani, mstari kwa mstari, kama mtoto aliyepotea sokoni, na Sabri kule nyuma kwenye mtambo akasikika akisema, "Hii sikuipiga, hii sikuipiga mimi," na watu wakadhani ndiyo filamu ilivyo wakanyamaza kwa utamu, na yule mtoto akaendelea kutafuta, anapangusa pua kwa mkono wa kushoto, mpaka macho yake yakafika pale alipo Rukaiya, yakasimama, na uso wote ukamfunguka.

"Mama!" ikasema sauti, na mafua yake ndani. "Nlikuita nyumbani. Nlikuita sana. Mbona hukuitika?"

Rukaiya akafungua kinywa. Pumzi ikaja, neno likaja, lilikuwa juu ya ulimi.

Mkono mdogo, wa kulia, ukamziba mdomo. Ulikuwa baridi na ulinukia udi, na nguvu zake hazikuwa za mtoto.

"Usiitike, mama," akanong'ona aliyekuwa mapajani. "Bibi kakataza."

Pazia la filamu likajaa moshi, taa zikawashwa, uwanja mzima ukasimama kupiga makofi.

Sabri ameitazama filamu ile mara nyingi tangu siku hiyo, na Bi Kulthum amekuja Kiponda na kikapu chake, akaondoka nacho, mambo yamemshinda. Mwisho wa Moshi Mmoja sasa ni jiwe, chetezo na moshi. Mtoto hayumo. Ukipita chini ya nyumba ile utamsikia Rukaiya, kakaa ngazi ya juu, mlango wa chumba cha mbele kauacha wazi.

"Naam!" anaitika. "Naam, mwanangu! Naam!"

Hapana anayemwita. Na huko chini jikoni mtoto wake anakula wali, kwa mkono wa kulia, hamwagi hata punje.